LAPTOPU YA CHUO: TUKAE KWANZA, TUHESABU

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Mogogosiek, Konoin)

 

Tunawashukuru wenyeviti, makatibu na waweka hazina waliotuita leo. Tunajua mmetoka kuchuma, na wengine wenu vidole bado vina utomvu wa majani. Hatutawaweka mpaka jioni, maana gari la majani halimngojei mtu.

Mmetuomba tuzungumze juu ya jambo moja linalosumbua nyumba nyingi hapa kwetu kila mwaka. Mtoto amepita mtihani, barua ya chuo imekuja, jirani wamekuja kushangilia, mursik imenywewa. Kisha jioni mtoto anasema, "Baba, Mama, huko chuoni kila mtu ana laptopu." Hapo furaha inapungua kidogo. Mzee anatazama chini. Mama anaanza kuhesabu ng'ombe kichwani.

Sisi wa ofisi ya maendeleo hatukuja kuwaambia mnunue au msinunue. Tumekuja tukae pamoja, tuone, tupime, halafu tutende. Bwana Yesu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaishia msingi na watu wakamcheka. Laptopu ni mnara wa siku hizi. Tuhesabu.

TUANZE NA KOSA LETU

Kabla hatujawafundisha ninyi, tuseme kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita mama mmoja mjane, mwanachama wa kikundi tunachokitembelea, alisimama kwenye mkutano akasema kijana wake ameitwa chuo kusomea ujenzi. Aliomba mkopo wa laptopu. Sisi tulikuwa tumekaa hapo mbele. Tulipiga makofi. Kikundi kilikuwa na shilingi 14,000 tu kwenye kasha, akapewa zote. Zilizobaki, 20,000, alizitoa kwa shailoki kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi, kwa ahadi kwamba bonasi ikija atalipa.

Kijana na rafiki yake walikwenda mjini, wakaingia duka la kwanza lenye muziki. Walipewa laptopu inayong'aa, na mkoba juu yake. Hiyo ilikuwa Agosti. Baada ya wiki tatu betri ilikataa kukaa na moto hata dakika ishirini. Tena ile programu ya kuchorea ramani za nyumba ilikuwa nzito mno kwa mashine ile. Ukiifungua, kila kitu kinaganda. Aliporudi dukani aliulizwa risiti. Alikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, hakina namba ya mashine wala waranti. Akafukuzwa.

Oktoba bonasi ikaja. Shailoki alichukua zake 20,000 na riba ya miezi mitatu, 12,000. Jumla 32,000. Kikundi nacho kikadai chake. Dada mdogo wa yule kijana, aliyekuwa sekondari, alikaa nyumbani karibu muhula mzima kwa kukosa karo.

Kijana alimaliza chuo, Mungu ni mwema. Lakini alimaliza kwa kutumia kompyuta za maktaba. Ile laptopu iko juu ya kabati nyumbani kwao mpaka leo.

Tulipokwenda kumwona yule mama, hakutukasirikia. Alitukaribisha chai. Kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: "Siku ile mlinipigia makofi. Hakuna aliyeniuliza hata swali moja."

Ndiyo sababu leo tumekuja na maswali.

SWALI LA KWANZA: KOSI YAKE INAHITAJI NINI?

Chukueni barua ya chuo. Isomeni pamoja na mtoto, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na ile orodha ya vitu vya kubeba. Kama mzazi hasomi vizuri, mwite katibu wa kikundi au katekista. Angalieni: chuo kimesema laptopu ni lazima, au ni maneno ya vijana tu?

Si kila kosi inahitaji laptopu siku ya kwanza. Anayekwenda kusomea ufundi wa bomba anahitaji spana kwanza. Wa ushonaji anahitaji makasi na futi ya kupimia. Wa upishi anahitaji aproni na visu. Tumeona mtoto anakwenda chuo cha ufundi na laptopu mpya begani, lakini kwenye karakana anaazima nyundo. Hapo tumeanzia mwisho.

Anayesomea ualimu, biashara, uuguzi au maendeleo ya jamii atahitaji kuandika kazi zake, kusoma vitabu vilivyo kwenye intaneti na kutuma kazi kwa mwalimu. Hiyo ni kazi nyepesi. Laptopu ya kawaida iliyotumika inatosha kabisa.

Anayesomea uhandisi, ramani za majengo au mambo ya kompyuta yenyewe atahitaji mashine yenye nguvu zaidi. Huyu asinunue kabla ya kumwuliza mwalimu wa idara yake programu gani watatumia. Akikosea hapa, atanunua mara mbili.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Vyuo vingi vina chumba cha kompyuta au maktaba. Mwanafunzi anaweza kuishi wiki nane za kwanza kwa kompyuta za chuo, simu yake na flashi mfukoni. Si raha, kuna foleni, lakini inawezekana. Wiki hizo nane zina faida kubwa, na sasa tutaona kwa nini.

SWALI LA PILI: PESA INAKUJA LINI?

Sisi watu wa majani chai tuna kalenda yetu. Kila mwezi kiwanda kinatulipa kwa kilo tulizopeleka. Mwaka wa hesabu wa KTDA unafungwa mwisho wa Juni, na bonasi kwa kawaida inatufikia Oktoba. Lakini vyuo vinafungua Agosti na Septemba. Mnaona shimo lilipo? Chuo kinadai kabla ya bonasi kufika.

Ndani ya shimo hilo la wiki sita au nane ndimo shailoki anamojenga nyumba yake. Anajua una pesa inayokuja. Anajua huwezi kungoja. Kwa hiyo mtoto akiweza kungoja wiki nane, mzazi ameokoka.

Tena tukumbuke, bonasi si mshahara. Hakuna anayejua itakuwa shilingi ngapi kwa kilo mpaka itangazwe. Mwaka 2025 wakulima wengi wa Kericho na Bomet walilalamika hadharani kwamba bonasi ilishuka sana kuliko mwaka uliotangulia. Aliyekuwa amekopa kwa kutegemea kiwango cha 2024 alibaki na deni na mikono mitupu. Usiweke rehani kitu ambacho hujakiona.

Na pesa za serikali je? Bodi ya mikopo ya HELB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1995, inawakopesha wanafunzi pesa za karo na za kujikimu. Riba yake kwa wanafunzi wa vyuo vikuu ni asilimia 4 kwa mwaka, na kulipa kunaanza baada ya masomo. Hakuna shailoki wa kushindana na hiyo. Mtoto aombe mapema, wala asione haya. Lakini pesa hizo mara nyingi zinachelewa, na zikifika zinatakiwa kulisha mtoto na kulipa chumba. Msizipangie laptopu peke yake. Na basari ya NG-CDF ama ya kaunti huandikwa kwa jina la chuo, kwa ajili ya karo. Haimfikii mwenye duka la laptopu.

SWALI LA TATU: ITATUGHARIMU NGAPI MPAKA MWISHO?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hebu makatibu mchukue kalamu. Tuseme laptopu iliyotumika, nzuri, inauzwa shilingi 30,000. Bei inabadilika, lakini tutumie hiyo kwa mfano. Kuna njia nne za kuilipa.

Njia ya kwanza, kuweka akiba. Mtoto anamaliza mtihani wa KCSE Novemba. Mpaka Agosti kuna miezi minane au zaidi, na wengi wanakaa tu nyumbani. Akiweka shilingi 1,500 kila mwezi kutokana na kuchuma majani au kibarua, na nyumbani mkaongeza 2,250, hiyo ni 3,750 kwa mwezi. Mara miezi minane ni 30,000 kamili. Laptopu imegharimu 30,000. Na mtoto ameijua bei yake kwa mgongo wake mwenyewe, hataiacha ovyo kitandani hosteli.

Njia ya pili, mkopo wa Sacco au wa kikundi. Tuseme riba ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, kwa miezi 12. Kila mwezi unalipa 2,500 za deni pamoja na riba inayopungua. Riba yote mpaka mwisho ni 1,950. Laptopu imegharimu 31,950.

Njia ya tatu, lipa mdogo mdogo. Tuseme duka linataka 9,000 mwanzo, kisha shilingi 100 kila siku kwa mwaka mzima. Mia moja! Nani atashindwa na mia? Lakini 100 mara siku 365 ni 36,500. Ongeza zile 9,000. Laptopu imegharimu 45,500. Umelipa 15,500 zaidi. Tena soma masharti: ukichelewa siku kadhaa, mashine inaweza kufungwa kutoka mbali, na mtihani uko kesho.

Njia ya nne ni shailoki. 30,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi, kutoka Agosti hadi bonasi, miezi mitatu. Riba ni 18,000. Laptopu imegharimu 48,000. Na bonasi ikichelewa au ikipungua, kila mwezi ni 6,000 zingine. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Kwa hiyo mashine ni ile ile, lakini kutoka 30,000 mpaka 48,000. Tofauti ni 18,000. Nendeni nyumbani muulizane, hapa Mogogosiek unachuma kilo ngapi za majani kupata 18,000?

Mikopo ya simu nayo tuiseme. Tangu mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya imekuwa ikitoa leseni kwa wakopeshaji wa mitandao. Kama kampuni haina leseni, usiguse. Hata yenye leseni, mkopo wa siku 30 haufai kununua kitu utakachotumia miaka minne. Vijana wengi wanachukua kwa huyu kumlipa yule, na mwisho jina linachafuka kabla hata hawajapata kazi.

Tena usisahau vitu vinavyofuata laptopu. Kuna mkoba, flashi, kufuli ya sanduku, bando za intaneti kila mwezi. Mwenye 30,000 asinunue laptopu ya 30,000. Anunue ya 26,000 au 27,000, abaki na za hayo mengine.

SWALI LA NNE: TUTAJUAJE KWAMBA NI NZURI?

Hapa ndipo wengi wanaliwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Laptopu nyingi zinazouzwa mijini kwa bei ya kadiri zimetumika ng'ambo maofisini, ndizo vijana huziita eks-UK. Si mbaya. Mashine ya ofisi iliyotengenezwa imara inaweza kushinda mpya ya bei rahisi iliyo kama sanduku la kadibodi. Lakini lazima uikague kama unavyokagua ng'ombe sokoni: fungua mdomo, tazama meno, mtembeze.

Moja, uliza kizazi. Ndani ya laptopu kuna kitu kinachofikiri, na kina kizazi chake. Kwa zile za Intel, angalia namba zilizo baada ya kistari. Ikiwa imeandikwa i5-6300U, hicho ni kizazi cha 6. Ikiwa i5-8250U, ni kizazi cha 8. Ikiwa i5-10210U, ni cha 10. Kwa nini tunajali? Kwa sababu kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine za zamani hazikufa siku hiyo, bado zinawaka, lakini marekebisho ya usalama ya kawaida yalikoma. Wauzaji wengine wanaiweka Windows 11 kwa nguvu ndani ya mashine ya kizazi cha 6, halafu wanakuambia ni ya kisasa. Usitazame picha kwenye skrini, soma namba. Kwa mfano HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, na Lenovo ThinkPad T480 nyingi ni za kizazi cha 8. Kwa macho zinakaribiana, lakini umri si mmoja.

Mbili, uliza RAM. Hii ni kama meza ya kazi: ikiwa ndogo, huwezi kufungua vitabu viwili pamoja. Kwa mwanafunzi wa kawaida tafuta GB 8. GB 4 zitamchosha roho. Wa ramani na uhandisi aulize hata GB 16.

Tatu, uliza ghala lake. Kuna diski ya zamani yenye sahani inayozunguka ndani, na kuna SSD ambayo haina kitu kinachozunguka. SSD inawaka haraka, na haiogopi sana mitetemo ya matatu kwenye barabara zetu. Afadhali SSD ya GB 256 kuliko diski ya zamani ya GB 500. Muuzaji atakusifia namba kubwa. Wewe uliza aina.

Nne, pima betri. Chomoa chaja hapo hapo dukani, acha mashine iwake nusu saa huku ukikagua mengine. Kama ilikuwa imejaa na sasa imeshuka nusu, mwambie muuzaji kwaheri. Kijana anayejua kompyuta aandike amri hii: powercfg /batteryreport. Mashine itatoa ripoti. Itaonyesha betri ilitengenezwa kubeba kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Kama ilikuwa ya 50,000 na sasa inabeba 25,000, hiyo ni nusu betri. Ama ipunguzwe bei, ama itiwe betri nyingine.

Tano, gusa kila kitu. Bonyeza kila herufi ya kibodi moja moja. Fungua na ufunge kifuniko mara kumi, usikie kama bawaba zinalia. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Iunganishe na intaneti kwa simu yako. Fungua ukurasa mweupe uone kama skrini ina madoa. Izime kabisa, uiwashe tena. Ikidai nywila ya kampuni usiyoijua, hiyo si yako na haitakuwa yako.

Sita, karatasi. Risiti iwe na jina la duka, tarehe, bei, aina ya mashine na namba yake ya siri iliyo chini ya tumbo la mashine. Soma moja moja, ilingane. Waranti iandikwe: miezi mingapi, na inafunika nini. Neno la mdomo halirudi dukani. Na laptopu inayouzwa kwa bei ya kushangaza kando ya barabara, bila risiti, jueni imelia mahali. Kupokea mali ya wizi ni kosa katika sheria za Kenya, hata kama uliinunua kwa pesa zako za halali. Usimtume mtoto chuo akaishia kituo cha polisi.

Na programu za kuandikia? Msilipe kabla ya kuuliza chuo, maana vyuo vingine vinawapa wanafunzi programu za Microsoft bila malipo kupitia anwani ya chuo. Kama hakuna, kuna LibreOffice ambayo ni bure kabisa na halali, inaandika barua na hesabu vizuri. Zile za wizi zinazowekwa vichochoroni mara nyingi huja na virusi ndani.

SWALI LA TANO: JE, MSICHANA NAYE?

Hili tunalisema polepole, lakini tunalisema.

Tumepita nyumba nyingi. Mvulana akiitwa chuo, ng'ombe anauzwa. Msichana akiitwa, anaambiwa, "Utaazima kwa wenzako." Jamani, nguo ya kuazima haisitiri matako. Atakapoazima kwa nani? Saa ngapi za usiku? Kwenye chumba cha nani?

Tumeketi na mabinti waliorudi nyumbani kabla ya wakati, wakilia, na mwanzo wa hadithi ulikuwa mtu mzima aliyesema, "Mimi nitakununulia laptopu." Hatusemi kila mfadhili ni mbaya. Lakini zawadi ipitie mlango wa mbele: mzazi ajue, kikundi kijue, parokia ijue. Inayotolewa kwa siri ina bei isiyoandikwa.

Wazee, kama kuna pesa za mmoja tu na watoto wawili wako chuo, pimeni kwa kosi na hitaji, msipime kwa sketi na suruali.

SASA TUTENDE

Maneno matupu hayavunji mfupa. Tunapendekeza mambo matatu ambayo kikundi chochote kinaweza kuanza wiki hii.

Jambo la kwanza ni Mfuko wa Chuo. Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa wiki, kando na akiba ya kawaida. Hizo ni 2,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni 104,000. Mnaweza kukopesha familia tatu 30,000 kila moja, jumla 90,000, na 14,000 zikabaki kwa dharura. Kila familia irudishe 3,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, bila riba au kwa riba ndogo mtakayokubaliana. Mwaka ujao pesa ni zile zile, zinakwenda kwa wengine watatu. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini ziandikwe kwenye kitabu chake, na zikae benki au Sacco, zisilale chini ya godoro la mweka hazina. Tunampenda mweka hazina, ndiyo maana hatumwachii mtego.

Jambo la pili ni Kamati ya Maswali. Watu watatu: mmoja mzazi aliyewahi kusomesha chuo, mmoja anayejua hesabu, na kijana mmoja anayejua kompyuta. Kila anayeomba mkopo wa laptopu aketi nao kwanza na barua ya chuo mkononi. Si mahakama, ni ndugu. Wamwulize yale maswali matano. Kisha yule kijana amsindikize dukani. Nauli yake ilipwe, na chai. Familia tatu zikienda pamoja duka moja, wanaweza hata kuomba bei ya pamoja.

Jambo la tatu ni kuanza mapema. Msingoje barua. Mtoto akiingia kidato cha mwisho, familia ianze daftari. Na yule anayemaliza mtihani Novemba asikae miezi minane akitazama simu. Apewe chane chache za majani azichume kwa jina la laptopu yake.

Tena laptopu ikishafika nyumbani, itunzwe. Ninyi mnajua mvua ya mawe na radi za huku kwetu. Mbingu ikinguruma, chomoa chaja ukutani. Kazi za chuo ziwekwe pia kwenye flashi nyingine, maana mwizi akichukua mashine asichukue na miaka miwili ya masomo.

NENO LA MWISHO

Ndugu wapendwa, mtoto hapiti chuo kwa sababu ya laptopu. Anapita kwa sababu anasoma, na kwa sababu kuna watu nyumbani wanaomwombea na kumlipia bila kuvunja nyumba yote. Laptopu ni jembe. Jembe zuri ni baraka, lakini hakuna aliyeuza shamba ili anunue jembe.

Yule mama tuliyemtaja yuko katika Kamati ya Maswali ya kikundi chake. Ndiye wa kwanza kuuliza. Na kijana wake, tangu apate kibarua cha ujenzi, ametoa shilingi 100 zake kila wiki kwenye Mfuko wa Chuo, ingawa hana mtoto wa kusomesha. Hatukumwambia afanye hivyo.

Siku nyingine mtu akisimama kwenye mkutano aseme mtoto wake ameitwa chuo, tumpigie makofi, ndiyo. Halafu tumwulize.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni familia ngapi zilikopa kwa shailoki kabla ya bonasi mwaka uliopita? Zilikopa kwa ajili ya nini?
2. Kikundi chetu kinatoza riba gani? Hesabuni pamoja: mkopo wa 30,000 kwa miezi 12 utakuwa shilingi ngapi mpaka mwisho?
3. Ni vijana gani kati yetu wanaojua kompyuta, na tumewahi kuwaomba msaada?
4. Je, tumewatendea wasichana na wavulana sawasawa katika mikopo ya chuo? Tutoe mifano bila kutaja majina.
5. Tutaanza Mfuko wa Chuo lini, kwa kiasi gani, na nani ataweka kitabu?